Askari Mmoja, Mikono Minne

Swali lilikuwa limeshazoea ulimi wa mfamasia yule: "Macho umepima lini?" Alimwuliza kila aliyefika kaunta akilalamika kwamba anaona ukungu. Mdogo wake wa kiume, aliyetoka naye tumbo moja, hakuwahi kumwuliza. Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo, na habari zilipomfikia dada mtu, madaktari walikuwa wameshanyoosha mikono. Kinyozi hajinyoi, watu walimwambia, wakidhani wanamfariji.

Jumamosi moja wifi yake akampigia simu. "Nasafisha stoo, wifi. Kuna sidii humu, ina picha ya taa na bunduki. Nitupe?"

"Usithubutu!"

Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa zamani, wa askari aliyenaswa mgodini pamoja na mitambo iliyopagawa. Askari mwenyewe humwoni. Unaona mikono yake na bunduki tu, macho yake ndiyo yako. Wenzao mtaani waliuponda: giza tupu, nani atapoteza muda? Wao wawili uliwaingia damuni. Walimcheza askari mmoja kwa mikono minne, mdogo akitembea kwa kibodi, dada akilenga kwa kipanya, ugomvi hauishi. Ulibaki mlango wa mwisho dada alipokwenda chuoni. Ikaja kazi, ikaja ndoa. Kila mdogo mtu alipouliza watamaliza lini, jibu lilikuwa, "Nitakuja."

Safari hii alikwenda. Fundi wa jirani na duka lake alihangaika na laptopu mpaka mchezo ukakubali kufunguka. Dada akaiweka mezani kwa mdogo wake, akamshika vidole, akavipanga kwenye kibodi.

"Dada, unanitania?"

"Wewe tembea. Mimi nalenga."

Mwanzoni walijigonga ukutani kama walevi. Kisha mdogo mtu akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Kushoto. Kuna mmoja anakoroma."

Kweli, mtambo ukachomoza kushoto. Dada akaufyatulia.

"Umejuaje?"

"Walikuwa wanakoroma tangu zamani. Ungesikia wapi, na zile kelele zako?"

Alasiri nzima wakasonga hivyo, wakifa, wakirudia. Mlango wa mwisho ukafunguka, muziki ukapanda.

"Kuna nini?" mdogo akauliza, shingo ameinyoosha.

"Jua linachomoza."

"Zuri?"

Dada akalitazama. Lilikuwa kama sahani ya plastiki iliyobandikwa ukutani. "Baya! La hovyo kabisa."

Mdogo mtu akacheka mpaka akapaliwa. Kicheko kilipokwisha akasema taratibu, bila kinyongo, "Nilikuwa nafika pale mlangoni, nazima. Nilijiambia nikimaliza peke yangu hutakuwa na sababu ya kuja."

Dada akaachia kipanya. Angeweza kusingizia kazi. Kazi ilikuwepo kweli. Lakini aliijua miaka ile yote aliyomwacha akisubiri, na aliyajua macho yale yalipokuwa mazima, yakimulikwa na kioo cha kompyuta, hayapepesi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nilishakusamehe zamani. Ila ningependa kulicheka hilo jua kwa macho yangu."

Wifi akaleta chai, akaweka vikombe na kurudi jikoni. Mdogo mtu akapapasa meza, mkono ukipita pembeni ya kikombe. Dada akanyoosha wake amsogezee.

"Acha," mdogo mtu akasema. "Nitakipata."

Dada akaurudisha mkono mapajani, akangoja.