Saa Tisa ya Sabato

Ukifika Nyakoe ukamtaja Joash Machogu, vijana watakuuliza ni Joash yupi. Wazee hawatauliza. Hao watakohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kisha watacheka wao kwa wao, nawe mgeni utabaki umesimama hapo hujui kinachochekwa. Kikohozi hicho kina mwenyewe, na hadithi yake si ya kuchekesha hata kidogo.

Joash alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye suruali moja nzuri ya kijivu. Mwaka wa 1966 stesheni ya redio ilitafuta mtu wa kuendesha kipindi cha Kikisii, nusu saa ya muziki na vichekesho mara moja kwa wiki. Walijaribiwa watu kumi na mmoja, wengi wao makarani wa mjini waliovaa tai. Joash akawabwaga wote kwa kumwiga mama anayewaita kuku wake huku akimsengenya jirani. Mwalimu mkuu akamruhusu kuondoka kila Alhamisi mchana, maana naye alipenda kusikia shule yake ikitajwa redioni.

Kila wiki kipindi kilikuwa na mada yake. Wiki hii mahari, wiki ijayo wageni wasiojua kuaga, wiki nyingine mtu aliyelipwa malipo yake ya kwanza ya majani chai akanunua viatu na kuvibeba begani ili visichakae. Nyimbo zilichaguliwa zifuate mada: mara rekodi za magita, mara obokano, chombo chetu kile cha nyuzi nane kinachonguruma mpaka tumboni. Msaidizi wake alikuwa Thadeus Ogari, kijana Mkatoliki wa kutoka Nyamira, fundi wa gita na mwepesi wa kushika mambo. Walirekodi kwenye kanda Alhamisi jioni, na Ijumaa asubuhi Joash alikuwa darasani mikono imejaa chaki.

Barua zilikuja. Zilitoka Nyamache, zilitoka kwa wakulima wapya wa Nyansiongo waliogawiwa mashamba ya wazungu, zilitoka hata kwa masista wa misheni. Mkewe, Mokeira, ndiye aliyezisoma kwa sauti, na ndiye aliyejaribishiwa vichekesho kila Jumatano akiwa anapika. Mokeira asipocheka, kichekesho kilitupwa.

Tatizo lilikuwa ratiba. Kipindi kilitangazwa Jumamosi saa tisa alasiri, na Joash alikuwa mtoto wa Mzee Machogu, mzee wa kanisa la Waadventista, mtu ambaye Sabato yake haikuwa na mlango wa nyuma. Mzee alikuwa na redio, tena aliipenda kwa ajili ya habari. Lakini kila Ijumaa jua likikaribia kuzama alizitoa betri zote nne, akazifunga kwenye kitambaa cheupe na kuziweka kabatini. Hazikutoka humo mpaka Jumamosi jua litue.

Kwa hiyo Kisii nzima ilimjua Joash kwa sauti, isipokuwa mtu mmoja ambaye Joash alitaka amsikie kuliko wote. Tangu utotoni alikuwa amechapwa kwa kuiga watu. Baba yake alimwambia mdomo wake ungemfikisha pabaya. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, ana mke na binti, Kemuma, na bado alingoja kama mtoto aambiwe na yule mzee kwamba mdomo ule ulikuwa na kazi. Mara tatu aliwaandikia wakubwa wa stesheni akiwaomba wakisogeze kipindi mpaka baada ya magharibi. Mara tatu alijibiwa kwa adabu kwamba jioni imejaa.

Aliyependwa kuliko wote katika kipindi alikuwa mtu wa kubuni, Mzee Bwango. Bwango kwa Kikisii ni haraka, na Mzee Bwango hakuwa na haraka kabisa. Akiombea chakula, alikohoa mara mbili, akamkumbusha Mungu uumbaji wote tangu siku ya kwanza, akakohoa tena, na kabla hajafika kwa Nuhu paka alikuwa ameondoka na nyama. Sauti ile, kikohozi kile, kule kuvuta neno "Baaaba" kama anayevuta ndoo kisimani, vyote vilikuwa vya Mzee Machogu mtupu. Watu wa Nyakoe walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Joash naye alilijua, asijidanganye mtu. Alijiambia ni mapenzi, na pengine yalikuwa mapenzi, lakini mapenzi ya kumchekea mtu nyuma ya mgongo wake yana jina jingine.

Sabato moja ya mwaka 1969 palikuwa na joto, na madirisha ya kanisa yalikuwa wazi kwa ibada ya alasiri. Ng'ambo ya barabara Nyasani, mwenye duka, Mkatoliki, alikuwa amenunua redio mpya yenye spika kubwa na alitaka kila mtu ajue. Mzee Machogu alikuwa mbele, macho amefumba, akitoa sala ya kufunga. Akakohoa mara mbili. Na kutoka dukani, kana kwamba walipatana, Mzee Bwango naye akakohoa mara mbili, akaanza, "Baaaba."

Watoto ndio walioanza. Kisha mabega ya akina mama yakaanza kutikisika, na mzee mmoja akajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Joash alikuwa ameketi safu ya tatu, Biblia mapajani, akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimdhihaki baba yake aliyesimama hatua sita kutoka kwake. Mzee Machogu hakuharakisha. Aliomba mpaka mwisho, akasema amina, akafumbua macho na kuona nyuso.

Alielewa nusu tu. Alijua ni redio, na alijua ni kipindi cha mwanawe, maana mwishoni jina lilitajwa. Hakujua kwamba mtu aliyechekwa ni yeye. Nani aisikiaye sauti yake kama wengine wanavyoisikia? Na hakuna mtu pale kanisani aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza. Kwa hiyo baraza la kanisa lilipoketi, kesi ilikuwa ya Sabato, si ya dhihaka. Joash akaona aibu, na chini ya ile aibu akashukuru.

Alijitetea kwamba kazi aliifanya Alhamisi; Sabato alikuwa benchini kama kila mtu. Baba yake ndiye aliyemjibu.

"Mtu akipanda mahindi Alhamisi, Sabato yanaota, na kuotesha ni kazi ya Mungu. Kanda yako inapozunguka Sabato, inafanya kazi ya nani?"

Walipopiga kura ya kumtoa katika ushirika, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mzee Machogu.

Miaka miwili Mzee alipita mbele ya lango la mwanawe bila kugeuza shingo. Hakula kwake, hakumwita kwake. Kemuma alikuwa akikimbia kumsalimu babu yake barabarani, anarudi na ndizi mbivu na bila salamu kwa wazazi wake. Joash aliendelea na kipindi, na barua zikazidi, na kila Alhamisi aliposema "Baaaba" mbele ya kipaza sauti alilivuta neno kama anayemwita mtu aliye mbali. Thadeus aliyekuwa upande wa pili wa meza alidhani ni ufundi umeongezeka.

Kisha, mwaka wa 1971, Mzee akaugua kifua. Alipopata nafuu kidogo alimwita Mokeira peke yake, akampa ujumbe. Akifa, Joash asirushe udongo kaburini kwake akiwa nje ya ushirika wa kanisa. Mwana wa kwanza asirushe udongo! Mokeira alirudi akamwambia mumewe. Kisha akaongeza la kwake, kwamba kama ni yeye angeendelea na kipindi na kumwachia Mungu mambo ya udongo. Joash hakumsikiliza. Ni watu wangapi wangemsikiliza?

Mwezi wa Agosti alikwenda stesheni kwa mara ya mwisho. Alimpa Thadeus daftari la mada na vichekesho vyake, lote, la miaka mitano. Kijana alikuwa anahangaika na kikohozi cha Mzee Bwango, na Joash, mwalimu mpaka kwenye mifupa, hakuweza kuvumilia kusikia kitu kikifanywa vibaya.

"Usikitoe kifuani," akamwambia. "Kitoe kooni. Kama mtu anayetaka Mungu ageuke amtazame."

Akamrudisha mara nne mpaka kikakaa sawa.

Sabato iliyofuata alibatizwa upya mtoni pamoja na watoto wa shule aliowafundisha hesabu. Mzee Machogu alimngoja ukingoni na taulo. "Umerudi," akasema, na jioni alikuja kula kwa Mokeira, akaombea chakula kwa urefu wake wote. Joash alifurahi, lazima tuseme hivyo. Alifurahi kwa wiki tisa nzima. Jumatano tu ndizo zilizokuwa nzito, Mokeira akipika na hakuna anayemwambia kitu.

Mwezi wa Novemba stesheni ilihitaji Jumamosi alasiri kwa matangazo ya mpira. Kipindi cha Kikisii kikasogezwa mpaka saa moja na nusu jioni. Hakukuwa na barua ya mtu, wala ombi. Ni mpira tu.

Jumamosi hiyo walikuwa wote nyumbani kwa Mzee kufunga Sabato. Waliimba, wakaomba, jua likatua, na Mzee akakifungua kitambaa cheupe na kurudisha betri mahali pake ili apate habari. Badala ya habari akapata gita la Thadeus, na mada ya wiki, wageni, iliyotoka ukurasa wa kumi na nne wa daftari. Joash aliijua kila sentensi kabla haijafika.

Mzee Bwango akakohoa mara mbili. "Baaaba."

Mzee Machogu akacheka. Joash hakuwahi kumsikia baba yake akicheka hivyo, mpaka fimbo ikamtoka mkononi, mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha betri.

"Wazee wa namna hii nawajua," akasema akihema. "Wanaomba mpaka uji unaganda. Huyu ni Onsongo mtupu, yule wa Nyamache."

Mokeira, ambaye siku zote alizungumza na mkwewe macho yakiwa chini, aliyainua. "Tata, huyo si Onsongo. Maneno hayo ni ya..."

Joash akamkanyaga mguu. Maana angeambiwa nini yule mzee? Kazi ile haikuweza kuwa ya Joash bila anayechekwa kuwa Mzee Machogu mwenyewe. Ukidai kimoja umekiri cha pili.

"Nyamazeni nisikie," Mzee akasema, akiinua kiganja kama anavyofanya kanisani. Alisikiliza mpaka wimbo wa mwisho, mpaka jina la Thadeus Ogari. Ndipo akamgeukia mwanawe kwa upole ambao Joash alikuwa ameungoja tangu utotoni.

"Unaona, mwanangu? Huyu ana kipawa. Wewe ulikuwa unacheza tu. Mungu alikupenda alipokutoa huko."

"Ndiyo, Tata," Joash akasema.

Kisha Mzee akaonja betri kwa ncha ya ulimi, moja baada ya nyingine, akasema zinaisha nguvu na asingependa kukikosa kipindi wiki ijayo. Jumatatu baada ya shule Joash alikwenda dukani kwa Nyasani akanunua betri nne mpya, akampelekea.