Kiti cha Kubembea Kutoka Mnadani

Sauti ile ilikuwa ya kifua. Hivyo ndivyo nilivyoamini nilipoisikia kutoka nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, Jumamosi moja mchana, kabla hata sijatua kikapu: mkwaruzo mrefu, kimya kifupi, kisha mkwaruzo tena, kama mtu anayevuta hewa kupitia koo lililobanwa. Mama, aliyekuwa ametangulia huko asubuhi, alikuwa na pumu. Kwa majuma kadhaa alikuwa amelala katika chumba cha pili cha nyumba niliyopanga mjini Eldoret, nami nilikuwa nimezoea kumsikiliza kupitia ukutani, kiasi cha kujiaminisha kwamba hakuna aliyeijua pumzi yake kunishinda. Nilikimbia. Nilipozunguka pembe ya nyumba nilimkuta mama amepiga magoti juu ya gunia, kipande cha msasa mkononi, akikwaruza mtoto wa meza. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, akikwaruza naye. Walikuwa wanacheka.

"Dada, mbona unahema hivyo?" mdogo wangu aliuliza. "Umefukuzwa na ng'ombe?"

Mama alinitazama, akaona hofu iliyokuwa bado usoni mwangu, akacheka zaidi. Ilikuwa meza ya kujipambia, ya mbao nyeusi, kutoka nyumba ya walowezi aliowatumikia tangu sisi hatujazaliwa. Kioo chake kilikuwa kimevunjika. "Hii nimeipiga polishi kila asubuhi," alisema, akiipuliza vumbi. "Acha leo niitoe." Akarudi kukwaruza. Nilisimama pale na kikapu changu, nikingoja kipande cha msasa ambacho hakuna aliyenipa.

Hiyo ilikuwa miaka ile walowezi walipokuwa wakiuza mashamba na kuondoka. Watu walijiunga katika vikundi, wakachanga, wakanunua ardhi ambayo baba zao waliilima kwa mshahara, kisha wakagawana kwa kamba na vigingi. Kabla mzungu hajaondoka, palifanywa mnada uwanjani mwa nyumba yake. Matrekta, majembe ya kukokotwa, ng'ombe na vitanda viliondoka asubuhi. Vilivyobaki hadi jioni, vilivyotoboka, vilivyolegea, visivyojulikana kazi yake, vilirundikwa mahali pamoja na kuuzwa kwa bei ya kuvihamisha tu. Mdogo wangu alikuwa akilisubiri rundo hilo kwa subira ya mwindaji.

Alikuwa ameachia masomo darasa la saba, akaolewa na karani wa stesheni ya reli, na wote wawili walikuwa wamepata kipande chao cha shamba upande wa Sugoi. Mumewe alilala mjini siku za kazi. Yeye alibaki shambani na mahindi, ndama wawili na vitu vyake kutoka mnadani. Alikuwa na zulia lililochakaa katikati; alikata sehemu ile iliyokwisha, akashona kingo mbili pamoja, likawa zulia refu jembamba lililopita kutoka mlangoni hadi dirishani kana kwamba lilifumwa kwa nyumba ile. Mapazia ya mahameli yaliyoliwa na nondo aliyageuza mito. Fremu za picha za farasi alizitoa farasi, akatia ndani vipande vya leso kuukuu, akazitundika ukutani. Hata mfuko wa fimbo za gofu ulikuwa umesimama karibu na mlango, umebeba miavuli na mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa wageni.

Nyumba yangu ilikuwa mpya. Nalisema hili kwa uangalifu kwa sababu nililifikiria sana wakati ule. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na tasnifu ya uzamili ambayo wasahihishaji waliirudisha ili iandikwe upya. Nilipata kazi ya kufundisha katika shule ya wasichana. Kwa mshahara wa kwanza nilikwenda dukani kwa Mhindi, nikachagua seti ya viti, kabati lenye vioo, na kwa ajili ya mama kitanda chenye godoro ambalo nailoni yake sikuitoa, ili lisichafuke. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa pembe sahihi. Wageni walikaa ukingoni mwa viti, wakanywa chai, wakaondoka. Kwa mdogo wangu wageni walisahau kuondoka.

Nimejaribu mara nyingi kuupima wivu ule. Kwanza nilijiambia haukuwa wa vitu, ulikuwa wa mama. Kisha nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikilala macho wazi nikipanga mahali ambapo zulia lile jembamba lingekaa sebuleni kwangu, na nikalazimika kukubali kwamba ulikuwa wa vitu pia.

Suala lenyewe lilikuwa hili: mama angeishi wapi. Baba alikuwa amefariki. Nyumba ya wafanyakazi tulimozaliwa ilibomolewa shamba lilipogawanywa, na hatukuwa na kaka. Kwa desturi yetu, sisi tuliotoka magharibi, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Haya ni mambo ya heshima, na hayabishaniwi. Mimi sikuwa na mume. Kwa hiyo jibu lilikuwa mimi, na nilikuwa nimelitegemea jibu hilo kama mtu anavyotegemea ukuta wa mawe. Sikuwa nimewahi kumuuliza mama anataka nini, sikuona haja.

Siku ile ya msasa ndipo nilipoonyeshwa chumba. Katika kipande chao cha shamba kilisalia chumba kidogo cha mawe ambamo mzungu alihifadhi matandiko ya farasi. Kilikuwa mbali na nyumba, ng'ambo ya safu ya michongoma, na kilikuwa na mlango wake. Mdogo wangu alikuwa amekipaka chokaa. Alikuwa ametia dirisha kutoka mnada mmoja na jiko la chuma kutoka mnada mwingine, na kopo kubwa la kubebea maziwa alilifunika mto, likawa kigoda kilichomfaa mama kimo. Njia yake ya kuingilia ilitoka moja kwa moja barabarani, bila kupita uwanjani kwa mkwe.

"Si nyumba ya mume wangu," mdogo wangu alisema, akinitazama kwa makini. "Hata jivu lake atalimwaga kwake. Wazee wa kanisa wamekuja wakaangalia, wakasema ni sawa."

Nilitafuta kasoro. Nilipima kwa macho umbali kati ya paa na paa, nikauliza kuhusu kisima, kuhusu choo, kuhusu baridi ya mawe kwa mtu mwenye pumu. Kila swali lilikuwa limeshajibiwa. Lililobaki ni neno langu. Shemeji yangu ni mtu wa adabu. Alikuwa amesema hatampokea mama mkwe mpaka mtoto wa kwanza aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Nilimwambia mdogo wangu nitafikiri.

Nilifikiri mwezi mzima, na katika mwezi huo nilikwenda mnadani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa kwenye shamba moja karibu na Burnt Forest. Nilisimama nyuma ya watu, na jioni rundo lilipofikiwa, dalali aliinua kiti cha kubembea ambacho matete ya kukalia yalikuwa yamechanika. Niliona papo hapo mama ameketi ndani yake, sebuleni kwangu. Nikataja bei. Sauti nyingine ikapanda juu yangu, na sikuhitaji kugeuka kuijua. Nikapanda tena. Mdogo wangu aliniona, nilimwona akiniona, hakunyamaza hata yeye. Watu wakaanza kupisha nafasi kati yetu. Mfanyabiashara mmoja Msomali, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya ng'ombe, aliwauliza wenzake kama kiti kile kinakamuliwa.

Mwenye mshahara nilikuwa mimi, na kiti kikawa changu. Mdogo wangu alinisaidia kukipakia kwenye lori, akakifunga kamba vizuri kuliko ambavyo ningeweza, akasema polepole, "Kinaoza matete tu, dada. Mbao zake ni nzima."

Nilikiweka sebuleni, na kwa kuwa hakikuweza kukaliwa, nilinunua msasa. Nilianza na mkono wa kulia. Nilikwaruza kwa nguvu, kwa mistari iliyokata nyuzi za mbao, nikiamini bidii ingetosha. Mama alikuwa akifuta vumbi kwenye kabati, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aje, jambo ambalo nilikuwa nimelichukulia kuwa dalili ya upendo. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Unakwaruza kama mtu anayefuta kosa," alisema.

Nikaacha. Alijaribu kuketi kwenye moja ya viti vipya, akaketi ukingoni, na kitambaa bado kilikuwa mkononi mwake.

"Utamwambia lini shemeji yako?"

"Bado nafikiri, mama."

"Wewe fikiri. Mimi nazeeka." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mwanangu, hapa umeniweka vizuri. Lakini usiku nailoni ile ikilia chini yangu, najilaza pembeni nisiikunje. Nimefuta vitu vipya vya watu maisha yangu yote. Hivi vyako navifuta kwa sababu sijui nifanye nini kingine navyo. Kule kwa mwenzako naharibu, natengeneza, naharibu tena, na hakuna anayeniuliza."

Nililichunguza kila neno lake nikitafuta mahali ambapo hoja ingevunjika, kama nilivyofundishwa kufanya, na hapakuwa na mahali. Wivu haukupungua hata kidogo. Kwa kweli uliongezeka, kwa sababu sasa ulikuwa na sababu.

Stesheni haikuwa mbali na shule. Ningeweza kutembea na kumkuta shemeji dirishani pake. Lakini nilijijua: angeniangalia kwa heshima yake ile, uso wangu ungesema jambo tofauti na maneno, naye angeamini uso. Siku iliyofuata, baada ya vipindi, nilikwenda posta, nikaingia kwenye kibanda cha simu, nikafunga mlango, nikamsomea opereta namba. Nilikuwa nimetayarisha maelezo yenye utangulizi na sababu zilizopangwa.

"Stesheni," sauti ya shemeji ilisema, ya kikazi.

"Ni mimi, shemeji."

Sauti ilibadilika mara moja. Akaniuliza hali, kazi, wasichana wa shule, pumu ya mama. Nilijibu yote. Kisha akaniachia zamu kwa makusudi, na maelezo yangu yote yakaniponyoka.

"Chumba kile ni cha mama," nilisema. "Nimeridhia."

Alishukuru, si kwa maneno mengi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Na kuna kiti," niliendelea, haraka, kabla sijaanza kufikiri. "Kile cha mnadani. Nitakileta Jumamosi pamoja na mama, kwa lori la mahindi. Mkono mmoja nimeuharibu. Mwambie mdogo wangu atafute matete na msasa, lakini asianze bila mimi."