Gauni Lisilo na Mfuko

Ukimpelekea fundi huyu kitambaa atakuuliza urefu, atakuuliza mikono, lakini habari ya mifuko hakuulizi. Anaitia tu. Aliwahi kutia miwili kwenye gauni la bibi harusi, mama mtu akaja juu, mpaka binti mwenyewe alipotumbukiza leso yake humo na kusema liachwe hivyohivyo. Wateja humtania kwamba ana wazimu wa mifuko. Naye hucheka nao, maana hawajui alikotoka.

Miaka sita aliishi Makazini, yeye na mdogo wake wa kike. Hapo walikaa watu mia mbili waliouza kila walichokuwa nacho ili waishi kama ndugu, chini ya mtu waliyemwita Mlezi. Na tuseme kweli, Mlezi alijua kusema. Akikutazama, unajiona uko peke yako duniani na yeye amekuja kwa ajili yako. Fundi aliingia kwa miguu yake mwenyewe, akamvuta na mdogo wake, na hilo ndilo lililokuja kumkosesha raha.

Alipewa cherehani ashone nguo za wote: kitambaa kimoja cha kijivu, bila mfuko. Mlezi alisema mfuko ndio mwanzo wa neno "changu". Basi watu wakatembea na vitana mikononi na miwani midomoni, na kwenye mikutano wakapiga makofi kwa taabu kwelikweli. Lakini walikuwa na furaha, na fundi naye alikuwa nayo, tusimsingizie.

Mwaka wa sita Mlezi aliingia chumba cha kushonea, akafunga mlango, akavua joho lake.

"Mwanangu, nitilie mfuko hapa ndani ya bitana. Mdogo tu, usionekane."

Fundi alitamani kuushona ovyo, mkono ukakataa. Aliutia vizuri, akazifunga pembe kwa vishono vitatu vya msalaba, kama alivyofundishwa na mama yake. Siku hiyohiyo akamweleza mdogo wake.

"Dada, umetaka sifa hukuzipata, sasa unamzulia mtu," mdogo akajibu. "We nenda. Mimi sina dada mwongo."

Akaondoka peke yake. Alipanga chumba kando ya fundi viatu, akaanza upya na cherehani ya kuazima. Aliandika barua, hazikujibiwa. Miaka minne ikapita hivyo, na kila akiona mwanamke wa kijivu barabarani moyo ulimruka, kisha ukarudi palepale.

Asubuhi moja mlango ukabishwa kwa kiwiko. Mdogo wake alisimama nje na gauni la kijivu, mkono mmoja kitana na kitambulisho, mwingine mswaki na picha ya mama yao. Fundi alikuwa na pini mdomoni, ikabidi azitoe kwanza ndipo alie.

"Walinihamishia kwenye kufua," mdogo akasema, hata salamu hakutoa. "Mke wa Mlezi anaumwa, nikapewa mimi joho la mumewe nilifue. Nikagusa kitu ndani ya bitana."

"Mfuko."

"Umejaa karatasi za peremende. Sisi katukataza sukari miaka yote, dada, mpaka watoto." Akameza mate. "Hata hizo ningemtafutia sababu, si unanijua. Ila nikaugeuza mfuko, nikaona pembe. Vishono vitatu. Mama katufundisha sisi wawili tu, na mimi sikuushona."

Fundi akazichomeka pini zake kwenye kola.

"Nilikuita mwongo."

"Uliniita."

"Nisamehe, dada."

"Nilishakusamehe zamani. Kilichonisumbua ni kwamba mimi ndiye niliyekupeleka. Ingia, weka hivyo vitu chini."

Mdogo aliangalia huku na huku, kama hajui pa kuviweka, na fundi akavipokea kimoja kimoja akavipanga juu ya meza ya kukatia. Kisha fundi akashusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana siku nzima. Akachukua futi akaanza kumpima mabega. Mdogo alikuwa amekonda, lakini yuko hapa, na hayo mengine yangerekebishika kwa chakula.

"Rangi gani?"

"Yoyote. Kijivu hapana."

Fundi akaandika vipimo. Halafu akauliza jambo ambalo hajawahi kumuuliza mteja yeyote.

"Na mfuko, nitie?"

Mdogo akatazama viganja vyake, vina alama nyekundu za kitana na mswaki.

"Miwili," akasema. "Tena mikubwa."