Sumaku Iliyokaa Ndani ya Redio

Nikiwa mtoto, pale stesheni ya Manyoni, nilimwona fundi akipitisha chuma kilichopinda kama kwato juu ya mchanga, misumari ikakirukia yenyewe, nami nikakimbilia kwa mama nikilia (nilidhani uchawi), na tangu siku hiyo nikajua sumaku ni kile kidude kilichopinda, basi. Aibu yangu yote imetoka hapo, wala sijawahi kuisimulia huku nimeinua macho.

Uzeeni maji yakanijaa kichwani, nikawa naburuta miguu na kusahau, mpaka hospitali moja ya Dar wakanipasua, wakaniwekea mpira mwembamba wa kuyashusha maji tumboni, na nyuma ya sikio, chini ya ngozi, valvu ndogo ya kupima maji yashuke kiasi gani, ambayo daktari anaibana au kuilegeza kwa sumaku akiwa nje, bila kisu. Akaniambia, "Mzee, sumaku nyingine isikaribie hapo." Nikacheka. Kwangu kijijini Mtinko sumaku itoke wapi?

Ndiyo miaka ile biashara ilipoachiwa huria, redio kubwa zikajaa madukani, nikanunua yangu, na kwa kuwa sikio lilishakuwa zito nikawa nalala nimeliegemeza kwenye spika. Kichwa kikaanza kuuma kila nikisimama. Nikasema ni uchovu, maana nilikuwa mshenga: Jumanne, mtoto wa marehemu kaka yangu, alimtaka Mwajuma, binti wa Mzee Shabani mwenye duka Singida mjini, na hakuwa na mzee mwingine wa kumsemea.

Tukakaa mkekani kwa Mzee Shabani, mimi na Jumanne. Nilipoinuka kutoa barua ya posa, ukuta ukazunguka, nikamtaja binti kwa jina la mke wangu, halafu nikamtapikia Mzee Shabani kwenye kanzu.

"Jumanne," akasema taratibu, "umeniletea mlevi?"

Mimi, ambaye pombe sijaionja!

Nikarudi Dar. Daktari akauliza, "Mzee, unalala na nini?"

"Na mke wangu. Na redio."

Akajishika kichwa, akanieleza kwamba ndani ya spika mna sumaku, na imeigeuza valvu, maji yakawa yanashuka kupita kiasi. Akairekebisha, nikapona, nikashukia mlangoni kwa Mzee Shabani kabla hata ya kufika kwangu.

"Haikuwa pombe, ndugu yangu. Ilikuwa redio."

"Redio ilikulevya?" Wageni wake wakacheka, yeye hakucheka. "Mwajuma nimeshampa mwingine, mzee mwenzangu. Kaa unywe chai."

Redio siku hizi naisikiliza kutoka ng'ambo ya chumba, nikikosa neno nimelikosa. Lakini siku ile kwa Mzee Shabani nilikuwa nawaza nitamwambia nini Jumanne, nikainuka, nikatoka peku, viatu vikabaki pale mlangoni, na sijarudi kuvichukua.