Nyayo za Shimo la Sita

Glenys Pengilly alikuwa mke wa mkulima wa ngano, mpishi wa supu ya maboga katika kila msiba wa Yarrawindi, na kwa miaka mingi mwanamke asiyeshindika kwenye uwanja mfupi wa gofu wa kijiji hicho cha Australia ya Kusini. Wageni huuonea huruma uwanja wenyewe. Majani ni ya kubahatisha, kangaruu hujilaza kwenye njia za kuchezea, na pembeni kuna ziwa la chumvi lisilo na tone la maji. Pale penye mashimo, ambapo wenye fedha zao huotesha nyasi laini, Yarrawindi wana duara la mchanga mweusi uliochanganywa na oili chakavu ya trekta ili upepo usiubebe.

Mchanga huo una sheria yake, na hakuna aliyewahi kuiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuivunja. Anayemaliza mwisho huchukua chuma cha kukwangulia, huanzia shimoni, akazunguka na kuzunguka akitoka nje kidogo kidogo hadi nyayo zote zifutike. Ukiacha nyayo hujamaliza mchezo, hata kama mpira umeutumbukiza kwa pigo moja.

Lindsay Pengilly, shemeji yake Glenys, aliacha zake. Ilikuwa kabla ya msimu wa kupanda ngano. Alitumbukiza mpira kwenye shimo la sita, akainama kuuokota, moyo ukasimama. Waliombeba walimtolea upande wa pili. Kwa heshima, wanachama wakazungushia duara lile kamba, wakawa wanacheza mashimo manane badala ya tisa, na mchanga ukaachwa vilevile alivyouacha yeye. Mchanga wenye oili ni mzito. Kipupwe kiliingia na mvua zake, na nyayo za Lindsay zilikuwa bado pale, zinakwenda hadi shimoni na hazirudi.

Bevan, mumewe Glenys, ndiye aliyekuwa ndugu pekee wa marehemu. Hakulia mazikoni. Alisimama mkavu kama nguzo ya ua, akawapa watu mkono, akarudi kulisha kondoo. Gofu hakuwahi kuigusa maishani. Aliiita mchezo wa watu wasio na mifugo, na uwanjani hakukanyaga hata siku ya kumshangilia mkewe. Basi Glenys alishangaa kumkuta asubuhi moja bandani, ameshusha begi la fimbo za Lindsay.

"Nifundishe," alisema Bevan.

"Lindsay alikuwa mashoto, mpenzi. Hizi zinatazama upande mwingine. Chukua zangu."

"Zako sizitaki."

"Utapigaje kwa mkono usio wako?"

"Si ndiyo kazi ya mwalimu hiyo?"

Glenys alikuwa amemfundisha Lindsay pia, enzi zile, kwa hiyo kupindua mafunzo yake kulia kwenda kushoto hakukumpa shida. Falsafa yake ilikuwa fupi kama uwanja wenyewe. Huku hakuhitaji nguvu, kunahitaji adabu. Mikono isipite kiuno ikienda, isipite kiuno ikirudi. Fimbo ishikwe kama kifaranga, asikimbie wala asife. Kichwa kitulie. Uzito uhamie mguu wa mbele, na ukimaliza kupiga, kitovu chako kiwe kinatazama unakotaka mpira uende. Mwenye kuweza hayo anaweza kucheza Yarrawindi hadi azeeke.

Bevan hakuweza hata moja. Alipiga ardhi, akapiga hewa, mara moja akapiga kiatu chake mwenyewe. Wale wa kwenye baraza ya klabu walipata burudani ya bure.

"Bevan, ukiendelea kuchimba hivyo utafika majini," mzee Mervyn Schirmer alimpigia kelele. "Na maji tunayataka."

"Kunywa bia yako, Mervyn, waachie wanaume kazi."

"Kazi? Mimi naona kilimo."

Kisha pigo likaanza kutengemaa, na hapo ndipo Glenys alipopaswa kuogopa. Mwanafunzi wa kawaida hujifunza kwa kurudi nyuma. Leo anaweza, kesho kasahau. Bevan hakusahau kitu. Kila alichoonyeshwa kilikaa mwilini mwake kama kilichokuwa kikijua njia ya kurudi nyumbani. Jumamosi moja, kabla ya kupiga, aligonga kisigino cha kiatu kwa ncha ya fimbo, taratibu, kama anayebisha hodi. Hilo Glenys hakumfundisha. Lindsay alikuwa akifanya hivyo.

Nyumbani Bevan akaanza kukoroga chai kwa mkono wa kushoto. Akawa anapiga mluzi wa kupitia kwenye meno akifunga mageti. Mbwa wa marehemu, ambaye tangu msiba alikuwa akilala langoni na kumnunia kila mtu, siku moja aliingia ndani bila kuitwa, akajilaza juu ya miguu ya Bevan akapumua kwa raha. Glenys alimtazama mbwa yule, akasukuma sahani kando.

Avis Kuchel, rafiki yake wa tangu shule, ndiye aliyelisema kwanza. Alimvuta kando karibu na birika la klabu.

"Mwenzangu, shimo la tatu amekwangua nani leo?"

"Bevan. Kwa nini?"

"Sisi wote tunazunguka shimo likiwa mkono wa kulia. Mtu mmoja tu alikuwa akizunguka kinyume, nikamsema miaka na miaka hanisikii."

"Ni zile fimbo tu, Avis. Zimemzoesha kushoto."

"Chuma cha kukwangulia si fimbo yake, mama. Kile ni cha wote." Avis aliweka kikombe chini bila kunywa. "Mwachishe."

Glenys hakumwachisha, na hapo sitamtetea. Alikuwa anaogopa, lakini mwalimu akiona mwanafunzi anachanua, ulimi haumtulii. Aliendelea kusema legeza bega, punguza mkono, ngoja fimbo ifike. Na kila aliporekebisha, mumewe alipungua kidogo. Aliporudi kitandani alikuwa akilala ukingo usio wake. Kilichokuwa kikichezwa pale ni ndoa yake, naye ndiye aliyekuwa akimshikisha mtu fimbo.

Jumamosi ya mwisho ukungu ulishuka toka alfajiri ukagoma kupanda. Kwenye baraza watu walikataa kutoka. Bevan alikwisha kutoka. Glenys alimfuata kwa sauti ya mluzi, akipita miti ambayo haikuonekana mpaka aifikie, na kunguru walikuwa wamenyamaza wote. Alimkuta pale pa kuanzia shimo la sita, ambapo tangu msiba hapakuwa na mtu aliyecheza. Mbele yao hapakuonekana kitu, wala duara, wala kamba, ila weupe wa ziwa na weupe wa ukungu vilivyoungana.

"Bevan, la sita limefungwa. Turudi."

Aligonga kisigino. Alipiga. Mikono haikupita kiuno kwenda wala kurudi, kichwa kilitulia, uzito ukahama, kitovu kikamalizia kikitazama asikoweza kuona. Miaka yote Glenys hakuwahi kuona pigo limekamilika namna ile. Mpira uliingia kwenye ukungu bila sauti ya kutua.

Akageuka akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hiyo vipi, Sajenti?"

Mtu mmoja tu duniani alimwita Glenys hivyo, tena uwanjani tu, wakiwa wawili, kumtania kwa ukali wake. Alitaka kukimbia, na alitaka pia, Mungu amsamehe, kujibu kama zamani kwamba bega bado limekaza. Alijua akijibu hivyo mume wake hatarudi.

"Unataka nini?" aliuliza.

Yule mtu alitangulia kwenye ukungu naye akafuata, hadi kwenye kamba. Mpira ulikuwa umelala kando ya shimo. Na pale, juu ya mchanga mweusi, Glenys aliziona nyayo zile za tangu siku ya msiba, zinazoingia zisizotoka. Wote walikuwa wamezipita kwa mbali, kofia mikononi, wakidhani wanampa heshima. Walimwacha mtu wa Yarrawindi mchezo haujaisha. Glenys alijionea aibu, na aibu ile ikamsukuma mbele ya woga.

Alifungua kamba. Akaenda mtini kilipotundikwa chuma cha kukwangulia, akakileta, akamkabidhi kwenye mkono wa kushoto.

"Maliza kazi yako, Lindsay," alisema. "Halafu uniachie mume wangu."

Aliuokota mpira, akaanzia shimoni. Alizunguka kinyume, kama alivyosemwa miaka yote, na kila mzunguko nyayo zilikwenda, zile za zamani na zile mpya chini yake. Hakuharakisha. Chuma kilikuwa kikikoroma juu ya mchanga, na Glenys alishika kamba kwa mikono miwili asithubutu kusema neno, maana hata mkewe mtu hukaa kimya mtu anapokwangua. Mzunguko wa mwisho ulipofika ukingoni, alikanyaga majani. Nyuma yake mchanga ulikuwa laini, hauna alama ya kiumbe.

Chuma kilianguka. Bevan alitazama mkono wake wa kushoto, kisha duara, kisha mkewe.

"Glen, hapa ndipo alipoangukia?"

"Hapa."

"Hakuna mtu aliyeniambia mpira wake uliingia, kwamba alikuwa amemaliza vizuri." Kisha akakaa chini kwenye majani mabichi, mtu mzima, akamlilia ndugu yake kwa sauti iliyofika hadi barazani. Glenys alikaa naye mpaka ukungu ulipopanda.

Kabla ya kurudi alimpa fimbo yake mwenyewe, ya mkono wa kulia. Bevan alipinda kama mtu anayekamata kuku, akapiga. Udongo uliruka mbali kuliko mpira.

"Nimekosea nini?"

"Vyote," Glenys alisema, akacheka mpaka akashika mti. Barazani Bevan alikoroga chai kwa mkono wa kulia, Mervyn akamuuliza kisima kimefikia wapi, na kule nyumbani mbwa wa marehemu alikuwa amerudi langoni.

Glenys alibeba vikombe kwenda kuviosha bombani, nyuma ya klabu. Alikuwa amemtaka mumewe, na alimpata. Maji yalikuwa ya baridi. Aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu, akisikiliza uwanjani, na alipokuwa na hakika kwamba hakuna atakayemwita tena Sajenti, akafungua bomba zaidi ili wasimsikie akilia.