Choo Nilichokagua Siku ya Kwanza

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, ofisi yetu ya afya ilipanga nyumba Babati, uwanja mmoja na mgahawa wa Mama Neema. Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kumkagua. Nyuma nikakuta choo kinanuka, hakina hata maji ya kunawa. Nikamweleza taratibu jinsi kipindupindu kinavyoenea, kisha nikatoa fomu ya kufunga mgahawa.

“Bwana afya, ukifunga, wanangu watakula nini?”

“Pole, mama. Afya kwanza.”

“Sawa. Ila choo changu ni kile pale, chenye ndoo na sabuni. Hiki ni chenu cha ofisini.”

Wateja waliangua kicheko. Namshukuru Mungu, nilikuwa sijatia saini. Nikamwomba fagio.