Mthamini Barazani kwa Verla Skogen

Tangu mumewe Orrin afariki, Verla Skogen hakumkaribisha mtu ndani. Nyumba yake ya mbao kando ya ziwa, huko Montana, Marekani, ilikuwa imemshinda. Paa lilivuja juu ya kitanda, sakafu ya jikoni ilibonyea, na mabeseni yalijaa chumbani kama yanauzwa. Wageni walikomea barazani. Aliwapa kahawa na pai, akawachekesha, wakaenda zao.

Tawnya Hruska, mthamini wa serikali ya jimbo aliyekuja kupima thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, naye alikomea hapohapo. Verla ndiye aliyekuwa akimpikia chakula shuleni alipokuwa mtoto.

"Mama Verla, nikague ndani mara moja tu."

"Ukague nini, soksi zangu? Nyumba nzima, mwanangu, haina neno."

"Nisipoingia itabidi nikisie. Na ukinikatalia kuingia, hata rufaa haitakusaidia. Ndiyo sheria."

"Basi kisia vizuri. Chukua pai."

Kwa Verla, heri kodi kuliko kuaibika mbele ya mtoto aliyemlisha.

Lakini matajiri kutoka California walikuwa wamenunua nyumba za jirani kwa bei za kichaa, na bei hizo ndizo jimbo lilizotumia kupimia nyumba za wengine. Nyumba ya Verla iliandikwa kuwa katika hali nzuri, kama alivyosema mwenyewe. Kodi ikapanda kiasi ambacho pensheni yake isingeweza kuibeba. Akakata rufaa, nyumba isije ikamponyoka.

Baraza la rufaa lilikuwa na watu watatu wa wilaya. Mwenyekiti, Dell Ostby, mkulima wa matunda ya cheri, alikuwa mwenzake Orrin wa karata.

"Paa linavuja, Dell," Verla alisema. Hakuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu. "Sakafu imeoza. Nalala sebuleni."

Dell alivua miwani. "Mungu wangu, Verla! Mbona hukusema? Tungekuja na nyundo."

"Mngekuja, mngeona."

"Mthamini ulimkatalia kuingia?"

"Nilimkatalia."

"Ulikuwa mgonjwa, sivyo?" Dell alimtazama kama anayemsukumia jibu. "Sema tu. Ikiwapo sababu ya maana ya kumkatalia, sheria inaturuhusu kukupunguzia."

Tawnya, aliyekaa upande wa pili, alikuwa ameinamia meza. Verla alimtazama, kisha akamgeukia Dell.

"Sikuwa mgonjwa. Niliona haya."

Wajumbe walinong'onezana kidogo tu. Kuona haya hakukutosha. Thamani ikabaki ilivyo.

Tawnya alimkuta kwenye ngazi za nje. "Mama Verla, nije nikague wiki hii. Makadirio yajayo yatashuka."

"Yajayo lini?"

"Baada ya miaka miwili."

"Miaka miwili! Nitakuwa mjini Butte kwa dada yangu, nagombania choo na wajukuu zake."

"Nisamehe."

"Ulinionya, mwanangu. Nenda kazini."

Akafunga vifungo vya koti, akashuka taratibu, akavuka barabara kumtafuta dalali wa nyumba kabla hajafunga ofisi.